Mchungaji, nikipiga magoti nasinzia

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika, nauza katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mwaka huu niliweka nadhiri ya kumaliza Biblia nzima. Mwanzo niliisoma vizuri, Kutoka nikaanza kujiburuza, Walawi nimekwama kabisa, sasa ni mwezi wa tatu sijaigusa. Usiku nikipiga magoti kando ya kitanda nasinzia, nikishtuka ni saa nane na mguu umekufa ganzi. Mwenzangu wa kazini anasema hilo ni pepo la usingizi, niende kwa nabii wake nikachukue mafuta. Nina kasoro gani? Mtu anakuaje kiroho kwa maisha kama haya? Halafu mwanangu wa miaka saba akiona nimeshika Biblia hunipandia mapajani na maswali yake. Nimfanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu.

Nianze na hilo la pepo, maana naona ndilo linalokunyima raha. Mtu aliyeamka saa kumi usiku, akasimama kwenye daladala, akasimama tena dukani kutwa, akarudi kupika na kuogesha watoto, kisha saa nne usiku akapiga magoti na kuegemeza kichwa kwenye godoro: asiposinzia ndipo nitakuwa na wasiwasi naye. Kule Gethsemane, katika Marko 14, Petro, Yakobo na Yohana walikutwa wamelala mara tatu usiku mmoja. Bwana Yesu, ambaye katika Injili hiyohiyo ya Marko anatoa pepo tangu sura ya kwanza, hakukemea pepo lolote pale bustanini. Alisema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Na nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli, akajilaza chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, akiomba afe, malaika hakumfanyia mkesha. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule," akamwekea mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi na chakula mara ya pili. Ile sauti ndogo, ya utulivu, aliisikia baadaye kabisa, mlimani Horebu, baada ya kulala na kushiba na kutembea siku 40.

Kuhusu mafuta: ni kweli Yakobo sura ya 5 inayataja. Lakini pale mgonjwa ndiye anayeita, wazee wa kanisa ndio wanaomwendea, na bei haikutajwa. Chupa ikiwa na bei, hiyo ni biashara, na wewe muuza duka unaijua biashara ukiiona.

Sasa Walawi. Biblia tunayotumia sisi Waprotestanti ina sura 1,189: Agano la Kale 929, Agano Jipya 260. Ukisoma sura tatu kila siku na tano Jumapili, mwaka unaisha na wewe umemaliza. Hesabu inatoka. Kinachoshindikana ni mtu. Mwanzo ina visa, na Kutoka nayo ina visa mpaka Sinai. Kisha inafika sura ya 25 na unaanza kupimiwa mbao za hema kwa dhiraa, vikuku, vitanzi na ngozi za pomboo, halafu Walawi inafuata na maagizo ya makuhani kuhusu figo na mafuta ya dhabihu. Mimi mwenyewe, kijana wa chuo cha Biblia, nilikwama hapohapo miaka mitatu mfululizo, kila Februari. Kitabu hicho kina utajiri wake, lakini kinataka mwalimu na kinataka muda, na wewe kwa sasa huna vyote viwili. Kiache. Na hiyo uliyoiita nadhiri, kwa jinsi ulivyoieleza, naiona ilikuwa mpango wa Januari. Kama moyo bado unakuchoma, mwambie Mungu waziwazi kwamba umeshindwa, kisha uendelee na mengine.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine. Umejipa kazi mbili ambazo hazijuani. Asubuhi unasoma ili umalize, kama mtu anayehesabu mzigo stoo. Usiku unafunga kitabu na kuanza kuomba kutoka kichwani, na kichwa chenyewe kimechoka, hakina la kusema. Viunganishe. Katika Biblia, Mungu ndiye anayeanza kusema. Maombi ni kuitika. Kwetu mtu akiitwa huitika, mwanamke "abee", mwanamume "naam", halafu ndipo mazungumzo yanaendelea. Mtoto Samweli alipoitwa usiku mle hekaluni, kuhani Eli hakumfundisha sala ndefu. Alimfundisha kuitika: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Wewe umekuwa ukisoma bila kuitika, kisha usiku unaitika wakati hujaitwa. Lazima usinzie.

Liko neno moja la Kiebrania ambalo lingekusaidia. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya BWANA "huitafakari mchana na usiku", na Yoshua aliagizwa vivyo hivyo. Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu amenyamaza, ameshika tama. Neno lenyewe ni "hagah", nalo lina sauti ndani yake. Katika Isaya 31 ndilo linalotumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na katika Isaya 38 ndilo la hua anayelia. Ni kunong'ona, kujirudiarudia neno mdomoni mpaka liingie. Kwa hiyo usisome kwa macho tu. Soma kwa midomo, hata kwa sauti ya chini ya kutoamsha watoto.

Nikuonyeshe nina maana gani. Chukua Marko 4, kuanzia mstari wa 35 hadi 41. Ni mistari saba, haichukui hata dakika mbili. Isome taratibu, mara mbili.

"Siku ile kulipokuwa jioni, akawaambia, Na tuvuke mpaka ng'ambo." Simama hapo kwanza. Jioni ya siku gani? Rudi mwanzo wa sura: siku ambayo Yesu ameketi chomboni, umati uko ufukweni, naye anafundisha mfano baada ya mfano. Halafu Marko anasema walimchukua "vile vile alivyo". Hakwenda nyumbani kuoga wala kubadili nguo. Ametoka kazini akapandishwa chombo vile vile alivyo. Dada yangu, wewe unaijua hali hiyo kuliko mimi.

Dhoruba ikaja, mawimbi yakakipigapiga chombo hata kikaanza kujaa maji. "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Mimi ni mtu wa Rungwe, wa milimani, neno hilo "shetri" nililisoma miaka mingi kanisani bila kulijua, mpaka mvuvi mmoja wa Kunduchi aliponionyesha kwa kidole upande wa nyuma wa chombo chake. Na huo mto ni wa kulalia. (Niliwahi kuulizwa na mtoto wa Shule ya Jumapili, Yesu aliwezaje kulala juu ya mto asizame. Nilicheka kabla ya kujibu, nikajuta.) Mathayo na Luka wanakisimulia kisa hiki pia, lakini mto umetajwa na Marko peke yake. Ni kitu kidogo ambacho hakina kazi yoyote katika kisa, ila kukuonyesha kwamba Bwana alichoka kweli, akatafuta pa kuweka kichwa.

Sasa sikia wanafunzi walivyoomba: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hayo ni maombi. Hayana utangulizi wala sifa, tena yana ukali, yanakaribia kuwa lawama. Na yalijibiwa. Akaamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Kukawa shwari kuu. Kisha ndipo akawauliza wao, "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Tazama mpangilio huo. Alituliza bahari kwanza, akauliza habari za imani baadaye. Hakungoja imani yao ikue ndipo awasaidie.

Ukifika hapo, neno la kuomba litakuwa limeshakujia mdomoni bila kulitafuta. Kwa mmoja litakuwa "Bwana, si kitu kwako?" kuhusu kodi ya nyumba. Kwa mwingine litakuwa shukrani kwamba anamwomba Bwana anayejua uchovu. Lolote litakalokuja, liseme. Hiyo ndiyo "abee" yako ya siku hiyo.

Kama unataka njia ya kushika, iko moja ya zamani. Mwaka 1535, Martin Luther aliulizwa na kinyozi wake kule Wittenberg, aliyeitwa Peter, namna ya kuomba. Akamwandikia kijitabu kizima. Alimwambia alitwae neno moja la Maandiko na kulisokota kama kamba ya nyuzi nne: linanifundisha nini, linanipa nini cha kushukuru, linanifichulia dhambi gani, na niombe nini kutokana nalo. Akamwonya pia kwamba wazo jema likimjia katikati, aache hizo nyuzi nyingine na kulifuata hilo, kwa maana Roho Mtakatifu mwenyewe yuko anafundisha. Napenda njia hii kwa sababu inafanya kazi hata kwa mtu aliyesimama foleni benki. Lakini usiigeuze hirizi. Mwaka huohuo wa 1535 Peter yuleyule alimchoma kisu mkwewe akafa, akaponea kwa kufukuzwa mji. Njia nzuri ya kuomba aliandikiwa. Kisu kilikuwa mkononi mwake bado.

Basi siku yako naiona hivi. Alfajiri, kabla hujatoka, dakika tano. Kisa kimoja cha Marko, mara mbili kwa kunong'ona. Injili hiyo ina sura 16, na ukienda kisa kwa kisa utakuwa nayo kwa miezi miwili au zaidi, hakuna anayekufukuza. Chagua sentensi moja utoke nayo, "vile vile alivyo" kwa mfano, maneno matatu tu. Kwenye daladala huna haja ya kutoa Biblia wala simu katika ule msongamano, sentensi unayo. Itafune. Mwafrika wa kwanza kusimuliwa katika Agano Jipya akisoma Maandiko, yule Mkushi wa Matendo 8, aliyasoma akiwa safarini ndani ya gari lake, kwa sauti, ndiyo maana Filipo akamsikia. Unaye mtangulizi. Tofauti ni kwamba gari lake halikuwa na kondakta wala muziki.

Usiku usipige magoti. Najua litakushangaza kutoka kwa mchungaji. Kupiga magoti ni kuzuri, lakini kwa mwili wako wa saa nne usiku, magoti na godoro ni mwaliko wa kulala. Simama, au omba ukiwa jikoni unangoja maji yachemke, mara tu unapoingia, kabla hujakaa. Yesu alisema, "ingia katika chumba chako cha ndani", na huenda nyumbani kwako hakuna chumba cha ndani. Nimewajua akina mama ambao chumba chao cha ndani ni kanga: wakijitanda usoni, watoto wanajua hapo mama hasemeshwi. Rudia ile sentensi ya asubuhi, sema uliloambiwa nayo mchana, taja watu wako kwa majina, malizia na Baba Yetu. Ukilala katikati, umelala mbele za Baba yako. Mwenye mto hatakushangaa.

Nina onyo moja, na nisipolitoa nitakuwa sijakutendea haki. Usiwe mtu wa kufumba macho, kufunua Biblia popote na kuchota mstari. Mfano ni Yeremia 29:11, mstari ambao nauona kwenye fulana, kwenye vioo vya bajaji na kwenye kila hali ya simu mwezi wa Desemba: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni mstari wa kweli. Lakini ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, unaoutangulia, unawaambia watakaa huko miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Na soma sura ya 28 uone nani alikuwa akivuma wakati huo: nabii Hanania, aliyewatangazia watu kwamba yote yatakwisha ndani ya miaka miwili. Hanania alipendwa. Hakuwa ametumwa. Ahadi ya Mungu ilikuwa ndefu kuliko ya nabii, na ndiyo iliyotimia. Ukiusoma mstari huo ndani ya sura yake, hautakuahidi gari mwaka ujao, lakini utakushika miaka ambayo mambo hayaendi.

Utanigeuzia swali: mbona nyinyi Wamoravian, maana ndilo kanisa langu, mnachagua kwa kura mstari wa Biblia uwe neno la siku? Ni kweli. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, kiongozi wao Zinzendorf alipowapa ndugu neno moja la kwenda nalo siku nzima, na tangu 1731 limekuwa likichapwa kama kijitabu cha mwaka. Wamisionari wetu walipofika Rungwe mwaka 1891, huo ndio urithi waliokuja nao. Lakini kura hiyo hupigwa mapema, kwa ajili ya kanisa zima. Mimi wa Mbeya na yule wa Ujerumani tunaamkia neno lilelile, nilipende nisilipende. Siku nyingi halihusiani kabisa na nilichotaka kuambiwa. Hapo ndipo faida yake ilipo, maana anayejichotea mwenyewe hufunua na kufunua mpaka apate la kumfurahisha.

Zitakuja pia siku ambazo utasoma na neno litakuwa kavu kama gunzi. Siku hizo usijilazimishe kutunga. Azima maneno. Zaburi zote 150 ziliwekwa mle kwa kazi hiyo, na nyingi kati ya hizo ni za kulia. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ndivyo inavyoanza ya 13. Ya 88 inaanzia kwenye taabu na kuishia gizani. Kanisa liliiacha humo, halikuifuta. Siku nyingine unaweza kuwa na yale ya baba wa mtoto mwenye pepo tu, Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nimewahi kukaa na maneno hayo peke yake karibu mwezi mzima, mwaka niliomzika mke wangu, huku Jumapili nikipanda madhabahuni kama kawaida.

Uliuliza mtu anakuaje. Mimi siamini katika kujipima kwa machozi au kwa urefu wa sala. Pima dukani. Mteja anayekurudishia balbu aliyoiunguza mwenyewe akisema ilikuwa mbovu: utakavyomjibu mwezi wa sita kutoka leo, ulinganishe na ulivyomjibu wiki iliyopita. Angalia pia inakuchukua muda gani kumwambia mwenzio "nisamehe", siku mbili au saa mbili. Na huenda wewe usione lolote. Wenye kuona huwa ni watu wa nyumbani.

Tafuta na mtu mmoja, si lazima kundi. Filipo alimwuliza yule Mkushi, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Waziri wa fedha wa malkia hakuona aibu kusema hajaelewa. Mwaka 1929, kule Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wote wawili wakiwa na kiu, wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliopita Gahini, Rwanda, ukavuka mpaka Bukoba na Kenya, ukawafundisha watu kutembea nuruni na kuungama wao kwa wao, una mzizi wake katika kukaa kule kwa watu wawili. Katika jumuiya yako hapo mtaani hakosi mama mmoja asiye na haraka. Mkutane Jumapili baada ya ibada, kila mmoja aseme sentensi aliyotembea nayo wiki hiyo. Huyo mwenzako wa kazini naye mkaribishe. Nia yake kwako ilikuwa njema.

Endelea na Biblia yako ya Union Version ya 1952, lugha yake inakaa kichwani kwa sababu ina mwendo. Pale isipoeleweka, tazama tafsiri ya Habari Njema kando yake.

Na huyo mtoto: muache apande. Akikuta uko kwenye Marko 4, mpe yeye kazi ya upepo, avume kwa nguvu zake zote na kupigapiga kitanda, mdogo wake awe wimbi. Wewe lala juu ya mto. Wakikuamsha, sema mstari wako kwa sauti: "Nyamaza, utulie." Kisha muone kama kutakuwa na shwari.